Gari la Kikundi na Mvua ya Masika: Tujitayarishe Mapema



Zamani kikundi cha kujisaidia kilipoanza kuweka akiba, lengo lilikuwa kununua sufuria za kukodisha, mbuzi, au mabati ya nyumba za wanachama. Siku hizi vikundi vingi vimepiga hatua. Kuna vile vimenunua pikapu ya kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea, au ya kubeba kabichi na viazi hadi sokoni, au ya kukodishwa wakati wa harusi na matanga. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini gari si kama mbuzi. Mbuzi akifa, tumepoteza mbuzi. Gari likianguka, tunaweza kupoteza gari, mzigo, na wenzetu waliokuwa ndani.

Mvua ya masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mahali pengi Aprili ndiyo huwa kilele. Mvua ya vuli nayo ni Oktoba hadi Desemba. Kwa wenzetu wa upande wa Kericho, Kisii na Kakamega, mvua ni ya karibu mwaka mzima. Masika yakiisha, unaingia ule msimu wa baridi na ukungu wa Juni hadi Agosti, hasa sehemu za juu kama Limuru, Kinungi na Timboroa. Kwa hivyo gari la kikundi linafanya kazi kwenye maji, tope au ukungu kwa nusu ya mwaka na zaidi.

Makala haya yanaeleza mambo mawili: jinsi ya kuliandaa gari, na jinsi kikundi chenyewe kinavyopaswa kujiandaa. Hili la pili ndilo tunalolisahau. Tunampa dereva funguo na tunampa lawama, lakini hatumpi tairi nzuri wala ruhusa ya kusema hapana.

WENZETU WA NCHI ZA THELUJI HUFANYAJE?

Kule Uswidi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 31 Machi, sheria inataka gari liwe na matairi maalum ya baridi barabara ikiwa na theluji au barafu. Ujerumani pia, tangu 2010, sheria inasema wazi kwamba huwezi kuendesha kwenye theluji au barafu kwa matairi ya kawaida. Watu hawa hawangoji theluji ianguke ndipo waanze kumtafuta fundi. Majira yakikaribia, wanabadilisha matairi, wanapima betri, wanatia maji ya rejeta yasiyoganda, na wanabeba sepetu, blanketi na minyororo ya magurudumu.

Sisi barabara zetu hazina theluji. Lakini aliyewahi kuendesha kwenye udongo mweusi wa Mwea, wa nyanda za Athi au wa Kano baada ya mvua, au kuteremka mlima wa udongo mwekundu kule Murang'a, anajua utelezi ni nini. Basi na sisi tuwe na desturi hiyo. Mwezi wa Februari uwe mwezi wa kuandaa gari, vile tunavyoandaa shamba kabla ya kupanda.

MVUA INABADILISHA NINI BARABARANI?

Kwanza, barabara inateleza. Wakati wa kiangazi lami hukusanya vumbi, mafuta yanayodondoka kutoka kwa magari, na chembe za mpira wa matairi. Mvua ya kwanza ikianguka, vitu hivi huchanganyika na maji vikawa kama sabuni. Ndiyo sababu dakika za kwanza za mvua zinaweza kuwa hatari kuliko mvua ya siku nzima, ambayo huosha barabara.

Pili, gari halisimami haraka. Gari dogo lenye breki na matairi mazuri, likienda kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu, linahitaji kama mita 50 tangu dereva aone hatari mpaka lisimame kabisa. Barabara ikilowa, afadhali uhesabu mara mbili, yaani mita 100, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Pikapu iliyojaa mzigo inahitaji zaidi ya hapo.

Tatu, tairi linaweza kuelea juu ya maji. Kazi ya meno ya tairi ni kusukuma maji pembeni ili mpira uguse barabara. Maji yakiwa mengi, mwendo ukiwa wa kasi na meno yakiwa yameisha, tairi halipati nafasi ya kuyasukuma. Linapanda juu yake. Dereva ataona stering imekuwa nyepesi ghafula, kana kwamba hakuna barabara chini. Hapo asikanyage breki kwa nguvu wala asikate kona. Aondoe mguu kwenye mafuta pole pole, ashike stering imara, gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka tairi liguse chini tena.

Nne, macho hayaoni mbali. Mvua, ukungu na tope la magari mengine huficha shimo, ng'ombe, mtoto wa shule au bodaboda isiyo na taa.

MATAIRI: PESA YA KWANZA IENDE HAPA

Gari lote linashika barabara kwa sehemu nne tu, na kila sehemu haizidi sana upana wa kiganja cha mtu. Kwa hivyo kama pesa za kikundi ni kidogo, anzeni na matairi.

Meno. Katika nchi nyingi, sheria hairuhusu meno kupungua chini ya milimita 1.6. Lakini kwenye maji, tairi lililofika chini ya milimita 3 tayari linashika vibaya. Huhitaji mashine ya kupima. Angalia ndani ya mifereji ya tairi, utaona vimatuta vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji. Vimatuta hivyo vina urefu wa milimita 1.6. Meno yakiwa sawa navyo, tairi limekwisha. Msingoje lifike hapo wakati wa mvua.

Umri. Pembeni mwa tairi kuna herufi DOT na mwishoni mwake nambari nne. Nambari mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi likikaa miaka mingi mpira hukauka na kupasuka, hata kama meno yanaonekana mazuri. Mkiuziwa tairi lililotumika, someni nambari hizi kabla ya kutoa pesa.

Kuchongwa meno. Kuna mafundi wa kando ya barabara wanaochukua tairi la kawaida lililo kipara na kulichonga mifereji mipya kwa kisu chenye moto. Msikubali. Mpira uliobaki ni mwembamba, na kuuchonga ni kuukaribisha upasuke. Mnalipia sura ya tairi.

Upepo. Pimeni asubuhi tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa mara nyingi kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya mlango wa dereva, na huwa kuna kiasi cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Tairi lenye upepo kidogo hupata joto, huisha pembeni, na halisukumi maji vizuri.

Mkiweza kununua mawili tu. Yafungeni pamoja kwenye ekseli moja, na afadhali iwe ya nyuma. Watu wengi hufikiri mapya ni ya mbele kwa sababu mbele ndiko kuna stering. Lakini nyuma ikiteleza, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Yaliyo mbele nayo yasiwe vipara. Tena msisahau spea. Spea iliyopasuka ni mzigo tu.

BREKI

Mwambieni fundi afungue magurudumu yote manne na aangalie breki pedi na breki shuu. Asikadirie kwa kusikiliza. Mafuta ya breki nayo yana tabia moja ambayo wengi hawaijui: hunyonya unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo. Yakiwa na maji ndani, breki zikipata moto kwenye mteremko mrefu maji hayo huchemka na kuwa mvuke, na dereva akikanyaga pedeli inazama tu. Kwa hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama kopo linaonekana limejaa.

Wakati wa kuteremka, dereva atumie gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Asizime injini wala kuweka gia huru ati anaokoa mafuta. Na akipita kwenye maji, akanyage breki taratibu mara kadhaa mbele kidogo, ili zikauke kabla hajazihitaji.

KUONA NA KUONEKANA

Waipa ni kitu cha bei ndogo, lakini jua la Januari na Februari hukausha mpira wake. Kabla ya mvua, mwagia kioo maji na uwashe waipa. Zikiacha mistari au zikipiga kelele, badilisha. Weka maji safi kwenye chupa ya kuoshea kioo.

Kioo kikiingia ukungu kwa ndani, sababu ni kwamba pumzi na nguo zilizolowa zinatoa unyevu, nao unagandamana kwenye kioo baridi. Dawa yake ni hewa. Elekeza feni ya gari kwenye kioo, ukianza na hewa ya joto, au ufungue dirisha kidogo. Kioo kichafu hushika ukungu haraka, kwa hivyo kisafishwe kwa ndani pia. Kuwe na kitambaa kikavu karibu, lakini atakayepangusa ni aliyekaa kando. Dereva aendelee kutazama barabara.

Taa zote ziwake: za mbele, za nyuma, za breki na indiketa. Mtu mmoja akae ndani, mwingine azunguke gari. Ni kazi ya dakika 5. Tope nalo likifunika taa, ni kama haipo, basi ipanguswe kila mnaposimama. Kwenye ukungu tumieni taa za chini. Ukiwasha ful, mwanga hugonga ukungu na kurudi machoni mwako, ukawa umejipofusha mwenyewe. Mwacheni nafasi mwenye gari la mbele: likipita mti au nguzo ya stima, anza kuhesabu, "mia moja na moja, mia moja na mbili," hadi nne. Ukifika kwenye mti huo kabla ya nne, umekaribia sana.

BETRI, INJINI NA REJETA

Wakati wa mvua taa, waipa na feni vinafanya kazi pamoja, na betri dhaifu hushindwa. Fundi apime betri na aangalie feni belti kama imepasuka au imelegea. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Nyaya zifunguliwe, zisafishwe kwa maji moto na brashi, zikaushwe na kukazwa vizuri.

Rejeta iwe na kulanti. Watu husema, "Kwetu maji hayagandi, kulanti ni ya nini?" Kulanti huzuia kutu na pia husaidia maji yasichemke haraka gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, au linapopiga gia ya kwanza kwenye tope kwa saa nzima. Lakini jamani, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Watu wamechomeka uso.

VITU VYA KUBEBA

Hivi viwe ndani ya gari, na mtu mmoja wa kikundi awe na orodha yake: jembe au sepetu, panga, kamba imara ya kuvutia, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu au ya jeki, jeki na spana ya magurudumu, zile pembetatu nyekundu tunazoita laifseva, tochi, sanduku la huduma ya kwanza, kizima moto, maji ya kunywa, blanketi, na simu yenye chaji.

Kwenye udongo mweusi, minyororo ya magurudumu husaidia sana. Ifungwe kwenye magurudumu yanayosukuma gari, ambayo kwa pikapu nyingi ni ya nyuma, na ifungwe kabla ya kuingia kwenye tope. Gari likishazama hadi ekseli, kuifunga ni kazi ya kuchimba. Mwendo uwe wa pole, na mkifika kwenye lami itolewe, kwani huharibu tairi na barabara.

Gari likianza kukwama, dereva asilazimishe mafuta. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja linajichimbia kaburi. Simameni, chimbeni mbele ya magurudumu, wekeni mbao, mawe au matawi, kisha ondokeni kwa gia ya pili taratibu. Wanaosukuma wakae pembeni, wasisimame nyuma ya gurudumu. Kamba ikitumika, watu wote wasogee mbali, maana ikikatika hupiga kama mjeledi.

Neno moja kuhusu mzigo. Gari lililojaa kupita kiasi haliwezi kusaidiwa na tairi jipya wala breki mpya. Na watu wasiketi juu ya magunia. Gari likiteleza kidogo tu, wao ndio wa kwanza kuanguka.

MTO

Jumamosi, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kikatoliki na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Mto ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yamefunika njia. Basi lilisukumwa na maji likazama, na zaidi ya watu 30 wakafa, watoto wakiwemo. Tunawakumbuka katika sala. Lakini pia tujifunze, kwa sababu siku ya harusi kama hiyo yeyote kati yetu angekuwa ndani ya basi hilo.

Kwa nini maji yanaweza kubeba kitu kizito kama gari? Chukua sufuria tupu uizamishe kwenye karai la maji. Utahisi maji yakiisukuma juu. Gari ni sufuria kubwa. Tuseme tumbo la gari dogo lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, yaani mita 6 za mraba. Maji yakipanda sentimita 10 tu juu ya tumbo hilo, yanalisukuma juu kwa nguvu ya lita 600 za maji, yaani kilo 600. Hiyo ni mitungi 30 ya lita 20! Yakipanda sentimita 20, nguvu inakuwa kilo 1,200, na magari madogo mengi yana uzito kama huo. Gari haliegemei chini tena. Matairi hayashiki, na mto unalisukuma kando kama debe tupu.

Kwa hivyo kumbukeni vipimo hivi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ya sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo. Ya sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, pikapu na yale makubwa tunayoyaamini pamoja. Tena huwezi kuona kama chini bado kuna daraja au limeshang'olewa.

Mito ya msimu, kama ile ya Ukambani, ina hila nyingine. Unaweza kuikuta mikavu na jua linawaka, kumbe mvua imenyesha milimani na maji yako njiani. Msiegeshe gari wala kupumzika kwenye mchanga wa mto. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Anga kupitia redio, na pigeni simu kwa mtu aliye ng'ambo kabla ya kutoka.

Hata maji yaliyosimama yana hatari kwa injini. Injini hukandamiza hewa, lakini maji hayakandamiziki. Yakivutwa ndani kupitia njia ya hewa, vyuma vya ndani hupinda au kuvunjika. Gari likizimika ndani ya maji, dereva asijaribu kulistati tena. Watu watoke kwanza, kisha livutwe na fundi alikague.

Sheria yetu iwe fupi: maji yakiwa juu ya daraja, au yakikatiza barabara na chini hakuonekani, hatuvuki. Tunangoja au tunarudi.

KIKUNDI KIAMUE KABLA, DEREVA ASIACHIWE PEKE YAKE

Sasa tufike kwenye kiini. Madereva wengi wanajua hatari ya mto kuliko sisi. Kwa nini basi wanaingia? Mara nyingi ni kwa sababu yetu. Mweka hazina anapiga simu: "Maziwa yataharibika, uko wapi?" Abiria wanasema: "Hata yule wa lori amevuka, wewe unaogopa nini?" Bibi harusi anangojewa kanisani. Dereva anafikiria kibarua chake, na anavuka.

Uamuzi kama huo hauwezi kufanywa vizuri mtoni, watu wakiwa wamelowa na saa imekwenda. Ufanyike mapema kwenye mkutano, mkiwa mmeketi, na uandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Tunapendekeza mambo haya matano:

1. Dereva akisema hapana, ni hapana. Hakatwi mshahara, hafokewi, na halazimishwi na mwenyekiti kwa simu.

2. Abiria yeyote, hata mdogo, ana haki ya kusema "simamisha," na gari lisimame.

3. Kuwe na mpango wa pili. Kama ni maziwa, nani ana sufuria kubwa za kuyachemsha? Nani anajua kutengeneza mala? Shule au hoteli gani ya karibu inaweza kununua? Kama ni mboga, zitahifadhiwa wapi kwenye kivuli?

4. Hasara ya siku ya mvua ni ya wote. Tuseme maziwa yote lita 200 yameharibika, na lita ni shilingi 50. Hasara ni shilingi 10,000. Inauma. Lakini mkiwa wanachama 25, kila mmoja amepoteza shilingi 400. Shilingi 400 hutafutwa tena. Mama wa watoto watatu akichukuliwa na mto, hatafutwi mahali.

5. Kuwe na mfuko wa gari. Kila safari weka shilingi 100 kando kabla ya kugawana chochote. Safari 5 kwa wiki, kwa wiki 40, ni shilingi 20,000. Pesa hizi ni za matairi, breki na waipa. Zisikopeshwe mtu, zisinunulie soda za mkutano.

Vikundi visivyo na gari, pamoja na kwaya na jumuiya ndogo ndogo, navyo vina kazi. Mnapokodi gari, msiulize bei peke yake. Ombeni kuona cheti cha ukaguzi na bima. Zungukeni gari mtazame matairi. Mwambieni mwenye gari, mbele ya dereva, kwamba mto ukifurika mtarudi, na kwamba hamtamlaumu. Ni haki yenu, na kwa dereva ni afueni.

KALENDA YA FEBRUARI

Wiki ya 1: Mkutano. Someni makala haya, pitisheni uamuzi ule wa mambo matano, na mchague watu wawili wa kusimamia gari. Angalau mmoja awe mama, kwani akina mama ndio wengi wanaopanda gari hilo.

Wiki ya 2: Kagueni wenyewe matairi, taa, waipa na vifaa. Andikeni kila kasoro.

Wiki ya 3: Pelekeni gari kwa fundi na ile orodha. Mkubaliane bei kabla. Mwambieni awarudishie vipuri vya zamani alivyotoa, ili mjue kweli amebadilisha. Pesa zisipotosha, fuateni mpango huu: matairi na breki kwanza, kisha waipa na taa, kisha betri na belti. Rangi na redio zingoje. Na kama hamna pesa za matairi wala breki, gari lipumzike mpaka zipatikane.

Wiki ya 4: Dereva na wasimamizi wapite njia mnazotumia, waone madaraja na mashimo, na wakubaliane njia ya kuzunguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mungu ametupa akili ili tuitumie kabla ya kumwita atuokoe. Awabariki katika safari zenu zote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wapi kwenye njia zetu ambapo gari liliwahi kukwama au watu waliwahi kuponea chupuchupu? Tulifanya nini baadaye?

2. Dereva wetu akirudi leo na mzigo ulioharibika kwa sababu alikataa kuvuka mto, tutamwambia nini? Tujibu kwa ukweli.

3. Matairi ya gari letu yana umri gani? Nani ataenda kuyasoma leo, kabla hatujaenda nyumbani?

4. Tutaanza lini kuweka pesa za mfuko wa gari, na nani atazitunza?